Akili Unde, si Akili Bandia

Magazeti yetu yamelizoea neno "akili bandia". Mimi nalipinga. Hapa Salama, mbegu bandia ni ile isiyoota, na noti bandia itakupeleka kituo cha polisi. Sasa mwambie mkulima kwamba programu ya Nuru, ya PlantVillage, hutambua ugonjwa wa mihogo kupitia kamera ya simu, hata bila intaneti, kwa kutumia akili bandia. Si atakucheka?

Watetezi watataja meno bandia. Sawa, lakini meno hayampi mtu ushauri.

"Akili unde" inafaa zaidi, kwani inatokana na kuunda. Mashine hukosea, ila kukosea si kughushi. Kilichoundwa hupimwa, kikarekebishwa. Kilicho bandia hutupwa. Tusimfanye mkulima akitupe chombo kabla hajakijaribu.