Mikono Miwili, Kinu Kimoja

Kamituga, kusini-magharibi mwa Bukavu, jiwe halitoi dhahabu mpaka litwangwe. Akina mama wenye kazi hiyo huitwa "twangaises", neno ambalo Kifaransa cha huko kimelichota kwenye kutwanga kwetu. Nyumbani kuna kinu kingine, cha sombe. Wawili wakikitwanga pamoja, mchi mmoja hupanda wakati mwingine ukishuka. Zamu ikipotea, michi hugongana.

Anayejifunza kinanda ili aipigie kwaya ana kazi hiyohiyo, ila watwangaji wote wawili wamo mwilini mwake. Mkono wa kulia ukikimbia, wa kushoto huufuata kama mtoto aliyeshika kanga ya mama. Si uvivu wa vidole; mikono haijazoea kupeana zamu.

Tazama vidole, tukihesabu gumba kuwa cha 1 na cha mwisho kuwa cha 5. Ukipanda ngazi ya do kwa mikono yote, gumba la kulia hupita chini baada ya mi, likashike fa. Kushoto, kidole cha kati huvuka juu ya gumba baada ya sol, kikashike la. Kila mkono unageuka mahali pake, na hapo ndipo wanafunzi hujikwaa. Lakini magumba yote mawili yakianzia do ya katikati, mkono mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, vidole vyenye namba ileile hugusa kwa pamoja. Mwanzo mwema ni huo. Béla Bartók wa Hungaria naye alianza kwa upole: Mikrokosmos yake, vipande 153 alivyotunga kati ya 1926 na 1939, inafunguliwa kwa mikono miwili inayoimba sauti ileile.

Kisha njoo kwenye wimbo wa kanisa. Kwenye mkono wa kushoto, do, fa na sol hubeba nyimbo nyingi. Upige mkono huo peke yake mpaka uweze kuitikia salamu bila kuusimamisha. Uufunze wa kulia vivyo hivyo. Halafu uikutanishe mikono polepole, hata anayesikiliza asiutambue wimbo. Ikigongana, usirudi mwanzo. Shika pigo lililokukwaza na lile linalolifuata, uyarudie hayo mawili tu. Umeme ukikatika, meza inatosha: vidole hujifunza hata pasipo sauti.

Napenda kumtazama mpiga kinanda aliyeivuka hatua hii. Macho yake yako kwa kiongozi wa kwaya, kushoto kunatembea, kulia kunaimba, na waumini hawajui kwamba kuna mikono miwili. Utulivu ule haukushuka kutoka mbinguni. Ulitwangwa, pigo kwa pigo.

Basi wewe unayeanza, usione aibu kwenda taratibu. Jiwe hutwangwa kwanza, ndipo dhahabu ikaoshwa.