Neno Lililohama Ngeli

Katika Kiswahili, neno ni kitu. Husemwa, huandikwa, husahauliwa. Likiwa moja ni lile, yakiwa mengi ni yale. Lakini msomaji afunguapo sura ya kwanza ya Injili ya Yohana katika tafsiri ya Union, iliyotoka kamili mwaka 1952, hulikuta Neno limevuka mpaka wa ngeli. Halitajwi tena kwa li-, bali kwa a-: ni naye, ni huyo, kama atajwavyo mtu aliyebisha hodi. Wafasiri hawakukosea sarufi. Katika kiambishi kimoja wameweka moyo wa imani ya Kikristo: kwamba Neno la Mungu ni Nafsi, na kwamba Nafsi hiyo ni Mungu.

Kiyunani hakikulazimika kuchagua, kwani logos ni la jinsia ya kiume kisarufi, liwe la mwanafalsafa au la mchuuzi. Kiswahili hakina maficho hayo. Mfasiri sharti aamue kama anataja kitu au mtu, na msikilizaji atamsikia akiamua.

Kwa masikio ya Pwani uamuzi huo una uzito. Qurani nayo humtaja Isa, mwana wa Mariamu, kuwa ni neno litokalo kwa Mungu. Majirani wawili huweza basi kulitamka neno hilo hilo kwa heshima ile ile. Wanaachana pale mmoja asemapo nabii, na mwingine asemapo Mungu. Njia panda yao imo katika silabi moja, na tafsiri njema haiifichi.

Mzozo huu una mkono wa washairi pia. Katika karne ya 4 Arius, kasisi wa Aleksandria, alieneza mafunzo yake kwa utungo uitwao Thalia, akishikilia kuwa Mwana aliumbwa. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulimjibu kwa kutenga vitenzi viwili: kuzaliwa na kuumbwa. Kiswahili kimevipokea bila kupungukiwa. Mfinyanzi huumba chungu, na chungu hakiwi mtu. Lakini amzaapo mwana, mwana huwa wa asili yake.

Si kila mahali tafsiri imefaulu hivyo. Pale Yohana asimuliapo Neno kuja duniani, Union yasema mwili, nayo Habari Njema yasema mwanadamu. La pili ni wazi zaidi, ila la kwanza ndilo lenye jasho, njaa na kifo. Zote mbili zasema kwamba alikaa kwetu, ilhali kitenzi cha Kiyunani kinabeba picha ya kupiga hema. Kukaa ni sahihi; hema limeachwa njiani.

Roho naye amehamishwa. Kwa kanuni ya kawaida angekuwa roho takatifu. Kanisa humwita Roho Mtakatifu, naye anaingia miongoni mwa watu kwa herufi moja tu. Linalobaki katika ngeli yake ni Kanisa lenyewe, jina lililotujia kwa Kiarabu, ambalo kwa wengi ni kuta, kengele na msalaba juu ya paa. Ekklesia ya Kiyunani ilikuwa watu walioitwa wakakusanyika. Hapa kuna hasara, kwa kuwa muumini aweza kusema Kanisa limebomoka kumbe watu wamesimama, au Kanisa limejaa kumbe upendo umekwisha. Hata hivyo li- hiyo ina hekima yake. Kanuni ya imani kwa Kilatini husema kumwamini katika Mungu, lakini ifikapo kwa Kanisa huiacha katika hiyo. Kanisa husadikiwa, haliabudiwi.

Mathias Mnyampala alipotunga Utenzi wa Enjili Takatifu, aliipitisha habari hii katika bahari iliyokuzwa na mashekhe wa Pwani. Mizani minane haikumkataa. Malenga atakayemfuata na achunge vina kwa bidii, lakini achunge zaidi viambishi: akiteleza kutoka a- hadi li-, beti itabaki na urari wake, na imani itakuwa nyingine.