Debe na Watu wa Mirihi

Kati ya michezo yote ya redio iliyopata kutangazwa, hakuna unaosimuliwa mara nyingi kama ule wa usiku wa tarehe 30 Oktoba 1938 kule Marekani, na nadhani hakuna unaosimuliwa vibaya kama huo. Nimeusikia kwa walimu, nimeusoma magazetini, na siku moja nilisimuliwa na abiria mwenzangu ndani ya basi la Korogwe, aliyeapa kwamba nusu ya Wamarekani walikesha porini. Kisa chenyewe hujulikana: kijana wa miaka 23, Orson Welles, pamoja na kundi lake la Mercury Theatre, walitangaza katika redio ya CBS kwamba viumbe wa sayari ya Mirihi wametua Grover's Mill, kijiji cha New Jersey, nchi nzima ikaingiwa na kiwewe, kesho yake Welles akaomba radhi mbele ya waandishi wa habari, uso umemsawijika.

Nina sababu yangu ya kukifuatilia kisa hiki kwa miaka mingi, nami nitaieleza mbele. Kwanza niuseme mchezo, maana wengi wanaouzungumzia hawajausikia.

Mkanda wake upo, na mtu yeyote aweza kuusikiliza. Nusu ya kwanza ni kazi ya ufundi mkubwa. Howard Koch, aliyeandika mchezo, hakuanza na wageni kutoka mbinguni. Alianza na muziki wa dansi wa hotelini, muziki wa kuchosha kidogo, wa kumfanya msikilizaji aendelee kukunja nguo zake. Muziki unakatizwa na taarifa fupi: kumeonekana milipuko katika Mirihi. Muziki unarudi. Unakatizwa tena. Kila unaporudi unakuwa mbaya zaidi, kwa kuwa sasa masikio yanausubiri ukatike. Wasikilizaji wa mwaka ule walikuwa wameufahamu mtindo huo kwa machungu. Mwezi mmoja tu kabla, wakati Ulaya ilipokaribia vita kwa ajili ya Chekoslovakia, redio zao zilikuwa zikikatiza vipindi kuwapa habari kwa namna ile ile. Na mwigizaji Frank Readick, aliyecheza nafasi ya mtangazaji aliyeko uwanjani, alijifunza sauti yake kwa kusikiliza rekodi ya mtangazaji wa kweli aliyeshuhudia ndege ya Hindenburg ikiteketea mwaka 1937. Kitetemeshi kile cha koo hakikutungwa. Kiliazimwa kwa mtu aliyeona watu wakiungua.

Kisha mtangazaji huyo anakatika katikati ya maneno, na redio inanyamaza. Sekunde chache tu. Hakuna muziki, hakuna sauti ya mtu. Katika redio kimya ni kosa, na kila mtangazaji hufundishwa kukiogopa. Welles akakitumia kama silaha.

Nusu ya pili, lazima niseme, imenichosha kila mara. Profesa anatembea peke yake katika nchi iliyokufa akijisemea maneno marefu, na mtu aliyekuwa ameketi ukingoni mwa kiti sasa anaweza kwenda kuchota maji. Tena hapo hata mwenye hofu angepaswa kushtuka: majeshi yameitwa, yamepigana na kuangamizwa, mji wa New York umekwisha, na saa ya ukutani haijasogea hata dakika 40.

Sasa huo uzushi wenyewe. Wachunguzi wa miaka ya karibuni wametuonyesha kwamba uongo mkubwa wa usiku ule haukutoka redioni, bali magazetini. Usiku huo huo kampuni ya C. E. Hooper ilikuwa ikipiga simu katika nyumba zipatazo 5,000 kuuliza watu wanasikiliza nini, na asilimia 2 tu walikuwa na mchezo wa Welles. Wengi walikuwa kwenye redio nyingine, wakimcheka Edgar Bergen na kikaragosi chake. (Nimewaza mara nyingi juu ya taifa lililokuwa likisikiliza redioni mtu anayesema bila kufungua mdomo! Nani angejua kama midomo yake ilicheza?) Magazeti yalikuwa na ugomvi na redio iliyokuwa ikiyanyang'anya matangazo ya biashara na wasomaji, na asubuhi ile yakapata fimbo. Yalikusanya vijisa vya hapa na pale, yakaviweka ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa, na kufikia jioni nchi nzima ilikuwa imekimbia. Mwaka 1940 mtaalamu Hadley Cantril wa Princeton alichapisha kitabu, akakadiria kwamba watu milioni 6 walisikia na kama milioni 1.2 walitishika, lakini watu aliohojiwa kwa kina walikuwa 135, na wengi wao walichaguliwa kwa sababu waliogopa. Ni sawa na kuuliza habari za mvua kwa waliolowa peke yao.

Wala magazeti hayakuwa mageni katika kazi hiyo. Agosti 1835 gazeti la Sun la New York lilitoa makala sita mfululizo zikieleza kwamba mwanafalaki Sir John Herschel ameona kwa darubini yake viumbe wanaoishi mwezini, wakiwamo watu wenye mabawa ya popo. Herschel alikuwapo kweli. Na mahali alipokuwa, msomaji, ni huku kwetu Afrika, kwenye Rasi ya Tumaini Jema, alikokwenda kupima nyota za kusini. Mzushi alichagua vizuri. Barua kutoka New York hadi Rasi ilichukua miezi, na nani angekwenda kuuliza? Mwezi na Afrika zilikuwa sawasawa kwa umbali. Mimi nilicheka nilipofika kwa watu-popo, kisha nikaacha kucheka, kwa kuwa nilikumbuka mwaka 1995, Pemba na Unguja walipolala nje makundi makundi, moto umewashwa, kwa hofu ya Popobawa. Na mtu mmoja mgonjwa wa akili akapigwa hadi kufa kwa kudhaniwa ndiye.

Hapo ndipo ninapoachana na hao wachunguzi wa karibuni, ingawa hesabu zao nazikubali. Wanaposema "hofu ilikuwa ndogo" husema kana kwamba shauri limekwisha. Huko Quito, mji mkuu wa Ekwado, tarehe 12 Februari 1949, Radio Quito ilitangaza mchezo ule ule kwa Kihispania, ikibadilisha majina ya mahali. Hawakutoa onyo la maana. Watu walimiminika mitaani. Na walipoambiwa kwamba yote ni mchezo, hofu ikageuka ghadhabu. Walilizingira jengo ambamo redio na gazeti la El Comercio vilikuwa pamoja, wakalitia moto, na watu kadhaa wakafa. Mirihi haikuua mtu Quito. Waliokufa waliuawa na aibu ya waliodanganywa. Kila nimsikiapo mtu akimsifu Welles kwa "kuwafundisha watu wasiamini kila kitu", humwuliza habari za Quito, na mara nyingi hajazisikia.

Kitabu alichokichukua Welles kiliandikwa na Mwingereza H. G. Wells na kuchapishwa mwaka 1898, baada ya kutoka kwa sehemu katika jarida mwaka 1897. Ni kitabu kikali kuliko mchezo. Mwanzoni kabisa mwandishi anawaambia wasomaji wake Waingereza wasiwahukumu upesi watu wa Mirihi, akawakumbusha wenyeji wa Tasmania walivyofutwa na wahamiaji wa Kizungu. Yaani: mnachokiogopa ndicho mlichokitenda. Sidai kwamba alikuwa akituwaza sisi. Lakini Agosti 27, 1896, meli za kivita za Uingereza ziliipiga kwa mizinga kasri ya Unguja kwa muda usiotimia saa moja, watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa, na upande wa pili akajeruhiwa baharia mmoja. Msomaji wa Unguja asingehitaji kuelezwa mwali wa moto wa watu wa Mirihi ni kitu gani.

Katika mchezo wa 1938 Watasmania wametoweka. Katika filamu za baadaye hata kumbukumbu yao haipo. Ile ya mwaka 1996, ambamo dunia nzima inaokolewa siku ya uhuru wa Marekani, inatuonyesha Waafrika kwa sekunde chache, mikuki mikononi. Hadithi za uvamizi zinazotungwa na walioshinda zina kasoro hiyo: daima mvamizi ni mpya, hajaonekana kamwe. Hadithi yetu ya mumiani haina kasoro hiyo. Mumiani hatoki mbinguni. Huja kwa gari, ana mshahara, ana tajiri wake, na damu anayoikusanya ina mnunuzi. Maofisa wa kikoloni waliiandika kama upuuzi wa wenyeji. Kama hadithi, naiweka juu ya watu wa Mirihi wote, kwa sababu inajua nani anafaidika.

Basi niseme ya debe.

Tulikuwa tukikaa Tanga, miaka ya sabini, na baba alikuwa akisafiri mara kwa mara kwenda Dar es Salaam. Redio yetu ilikuwa moja, juu ya kabati, na Radio Tanzania ilipotaka kusoma taarifa ya habari ilitanguliza ngoma. Ngoma ile ikilia, nyumba hunyamaza. Kaka yangu alikuwa na kipaji cha kuiga watangazaji. Aliiga pumzi zao, aliiga hata namna walivyogeuza karatasi. Siku moja alikuja na shauri. Yeye angekaa nyuma ya pazia la chumba, mimi nipige debe kwa ngumi, polepole, kama ngoma ya habari.

Alitangaza kwamba basi litokalo Tanga limepinduka njiani, na kwamba hakuna abiria aliyenusurika. Hakutaja jina la baba. Hakuhitaji. Mama alikuwa ukumbini akikuna nazi. Tulitarajia apige kelele ndipo tutokee tukicheka, kama Welles alivyofanya mwishoni mwa mchezo wake, aliposema kwamba lilikuwa jambo la kutishana la sikukuu tu. Mama hakupiga kelele. Tulisikia mbuzi ya kukunia ikiacha kukwaruza, basi. Tulipochungulia alikuwa ameketi sakafuni, amefungua nywele zake, anatazama mlango.

Hakutupiga. Baba alirudi siku ya tatu, akiwa na mkungu wa ndizi, asijue kwa nini mama alimshika mkono vile mbele ya watoto. Lakini tangu siku ile, ngoma ya habari ilipolia, mama aliondoka akaenda uani, na akaendelea hivyo hadi tulipokuwa watu wazima wenye nyumba zetu.

Kwa kipimo cha Hooper, aliyetishika alikuwa mmoja. Tena kama mhakiki, naweza kueleza kwa nini mchezo ule ulifaulu: sauti ya kaka ilikuwa nzuri, ila sauti peke yake mama angeitambua kwa neno la pili. Kilichomshika ni debe. Ngoma ilikuwa imekwisha kumnyamazisha kabla mtu hajasema kitu, kama muziki wa dansi ulivyowalaza wale wa New Jersey.

Miaka michache iliyopita nilimpelekea kaka yangu nakala ya mchezo wa Welles. Alinipigia simu baada ya siku mbili. Tulizungumza juu ya Readick na kile kimya, akasema kweli yule bwana alijua kazi. Kisha akaniuliza kama niliwahi kumwambia mama ni nani aliyepiga debe. Nikamwambia sikuwahi, na mama naye hakuwahi kuniuliza.