Magodoro ya Pate

Mshairi anayetaka kusema kwamba kifo hakichagui ana kazi ngumu, kwa kuwa msomaji wake analijua hilo tangu utotoni. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, anayekadiriwa kuishi kati ya 1720 na 1820, hakujisumbua kulihubiri. Katika utenzi wake Al-Inkishafi anausuta moyo wake mwenyewe, kisha anauonyesha vyombo vya nyumbani.

Utenzi unaanza mbali. Dunia ni bahari yenye mawimbi. Dunia ni kisima kinacholindwa na fahali mkali, mwenye kiu akisogea anapigwa pembe. Anatajwa Nabii Suleimani, mtawala wa watu na majini, naye hakubaki. Baada ya Suleimani, tajiri gani wa Pate atadai aachwe?

Ndipo tunaingizwa majumbani mwa matajiri hao. Taa za kioo na za shaba zinang'aa usiku ukawa kama mchana. Mabwana wanalala juu ya vitanda vyenye magodoro na mito iliyotariziwa, huku wengine wakiwakanda na wengine wakiwapepea. Wakitoka nje shingo zimesimama, wafuasi mbele na nyuma. Beti chache baadaye mabwana hao hao wamelala mahali pa kadiri ya shubiri, hapana zulia wala godoro. Mshairi angeweza kutaja udongo tu akapita. Amelirudisha godoro makusudi, safari hii kwa kulikanusha, na msomaji aliyetoka kulitamani ndiye anayelikosa.

Nyumba nazo zinapata zamu yao. Zidaka zilizopangwa vyombo vya kaure sasa zinalaza makinda ya ndege, bundi anakoroma ndani, mende wanavuma, na katika kumbi za wageni wanalia nyenje. Chumba ni kile kile, kimebadilisha wapangaji.

Umbo linasaidia. Kila ubeti una mishororo minne: mitatu ya kwanza ina kina chake, na wa nne unamalizikia kwa -ye tangu mwanzo hadi mwisho. Katika lahaja za kaskazini silabi hiyo mara nyingi ni mkia wa kitenzi cha jambo lililokwisha kutendeka. Fahari ikipanda mishororo mitatu, wa nne unaikuta imeshapita.

Kisha yanakuja majina ya waliokufa, na hapa utenzi unachoma zaidi. Wa mwanzo ni Ali bin Nasiri, na anayefuata anatajwa kuwa shemeji yake. Jina la kwanza ni la baba wa mshairi. Maombolezo ya mji yameingia nyumbani kwake.

Hata hivyo, usawa huu wa kifo una upande. James Shirley wa Uingereza, katika shairi lake la 1659, miaka 10 baada ya Mfalme Charles I kukatwa kichwa, aliitia fimbo ya enzi na jembe la mkulima katika vumbi moja. Sayyid Abdalla anawashusha wakubwa, lakini waliokuwa wakiwapepea hawafuati hadi kaburini. Mnyonge anapata nafasi yake baadaye, siku ya kiyama, aliyedhulumiwa anapomshtaki aliyemdhulumu mbele ya Mola. Huko dhahabu na fedha hazilipi deni. Linalipwa kwa thawabu, na asiye nazo anangojwa na tabaka za Jahanamu ambazo mshairi anazitaja moja baada ya nyingine.