Neno na Mwitiko Wake

Iko methali isemayo kwamba maneno matupu hayavunji mfupa. Wengi huitumia kudai kuwa kunena ni jambo moja na kutenda ni jambo jingine. Sisi tunaona kwamba methali hiyo hulaumu utupu, wala si maneno. Methali ya pili, kwamba ahadi ni deni, huikamilisha: aliyeahidi amekwisha tenda, naye anadaiwa.

Tutazame maisha ya kila siku mjini Arusha. Sokoni, mnunuzi na muuzaji wa ndizi hubishana bei kwa muda mrefu. Lakini muuzaji akisema, "Haya, chukua," na mwenziwe akapokea, biashara imefungika. Kijana amwambiapo mzee "Shikamoo" hatoi habari yoyote, bali hutoa heshima. Hata hivyo tendo lake halitimii mpaka mzee aitike, "Marahaba."

Mwaka 1955, katika mihadhara yake huko Harvard, mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin alieleza kwamba neno hutenda linaposemwa na mtu anayestahili, katika hali inayostahili. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini historia ya Mlima Meru inatudai tutie mkazo zaidi kwa msikilizaji. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akawasilisha malalamiko yao. Msemaji alistahili, na mahali palistahili. Lakini pendekezo la kuwarudishia ardhi halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Ilikuwa kama shikamoo isiyoitikiwa.

Je, maneno yale yalikuwa matupu? La, hasha. Kirilo aliporudi aliwasimulia wananchi wa sehemu mbalimbali za nchi, nao wakaitika kwa kujiunga na harakati za kudai uhuru.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo lilikuwa neno la namna hiyo. Kuazimia ni kujifunga. Ndiyo maana, masharti yake ya uongozi yalipolegezwa huko Zanzibar mwaka 1991, lilihitajika azimio jingine.

Kwa hiyo, utamaduni wa lugha haujengwi kwa ufasaha wa wasemaji peke yao. Hatuna budi kuwafundisha watoto wetu kusema vema, na kuwafundisha vilevile wajibu wa kuitika.