‘Nshafika’ si uvivu wa ulimi

BAADHI yetu tuliozoea kukosoa lugha ya wenzetu tumeyapa maumbo kama ‘nshafika’, ‘ashalala’, ‘ntakuja’ na ‘mi naenda’ jina moja: uvivu. Eti msemaji ameshindwa kutamka neno zima! Hoja hii ni dhaifu. Tena haimwumizi sana msemaji wa Lamu au Mombasa, kwani huyo ataendelea kusema atakavyo. Anayeumia ni mwanafunzi aliye mbali na pwani, mathalan kule Lodwar na Kakuma.

Tuitazame hiyo ‘nshafika’. Umbo lake kamili ni ‘nimekwisha kufika’, lenye kitenzi kisaidizi ‘kwisha’ na kitenzi kikuu ‘fika’. Kisaidizi hicho kilinyong’onyea hatua kwa hatua: ‘nimekwishafika’, ‘nimeshafika’, kisha ‘-me-’ ikaanguka tukapata ‘nishafika’, na mwishowe irabu ya kwanza ikamezwa. Kitenzi kizima kikabaki silabi moja, ‘sha’, lakini kazi yake haikupungua. Anayesema ‘nimefika’ anatoa habari tu. Anayesema ‘nshafika’ anamjibu mtu aliyekuwa akingoja, au aliyedhani kwamba bado. Uvivu gani huo unaotofautisha maana kwa ustadi hivyo?

Wanaocheka wajiulize pia ‘-ta-’ ya wakati ujao ilitoka wapi. Wanaisimu aghalabu huihusisha na kitenzi ‘taka’. Waingereza nao walipitia njia iyo hiyo. ‘Will’ yao hapo kale ilikuwa na maana ya kutaka, na leo wanaikata zaidi iwe ‘I’ll’, huku ‘going to’ ikitoka kinywani kama ‘gonna’. Kiambishi tunachokiheshimu katika vitabu vya sarufi yamkini kilianza safari yake kama neno lililokatwa.

Sasa twende Lodwar. Kiturkana ni lugha ya Kiniloti. Mtoto wa Kidigo au wa Kikamba ana lugha ya Kibantu ya kuegemea anapojifunza Kiswahili. Wa Kiturkana hana. Hutegemea darasa, na darasani hufundishwa ‘Je, umekwisha kula?’ Akienda zahanati anaulizwa chapchap: ‘Ushakula? Dawa ushameza?’ Akitafuta kitenzi ‘usha’ kamusini hatapata msaada. Na ‘ntakupa’ ikitamkwa haraka hukaribiana mno na ‘mtakupa’. Anayeahidi kutoa ni nani basi? Mzawa wa lugha huutatua utata huo kwa muktadha bila hata kujua kwamba ameutatua. Mwingine hubaki kubahatisha.

Kakuma mambo yamesukika zaidi. (Kwa miaka mingi waandishi wa kigeni wamedai kwamba ‘Kakuma’ ni neno la Kiswahili lenye maana ya ‘pasipo mahali’. Kamusi gani hiyo?) Kambi ilianzishwa mwaka wa 1992 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Sudan, na baadaye ikapokea watu wa mataifa mengi, wakiwemo Wakongo wa mashariki waliokuja na Kiswahili chao. Hao husema ‘niko nasoma’ kwa ‘ninasoma’, ‘nilikuwaka’ kwa ‘nilikuwa’, na ‘njo’ kwa ‘ndiyo’. Mahali ambapo wengine wanakiangusha kisaidizi, wao wanakisimamisha. Kalamu nyekundu haibagui: aliyekata amekosea, aliyeongeza amekosea. Hivi mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili tangu utotoni aambiwe hajui Kiswahili, ilhali ‘niko nasoma’ hiyo hiyo imezagaa Nairobi?

Athari zake hazikomei darasani. Kambini watu huhojiwa kupitia wakalimani. Mkalimani akiisikia ‘ashaoa’ kama ‘ataoa’, maelezo ya familia nzima yamegeuka.

Mtaala wa umilisi umeitaja stadi ya kusikiliza na kuzungumza mwanzo kabisa, jambo la kupongezwa. Hata hivyo, mazungumzo mengi katika vitabu vya kiada huandikwa kana kwamba wahusika wanasoma hotuba. Mtihani wa KCSE nao una karatasi tatu, Insha, Lugha na Fasihi, na hakuna hata moja inayomtaka mtahiniwa asikilize mtu akisema. Kisichotahiniwa hakifundishwi, mwalimu yeyote atakwambia.

Sisemi mwanafunzi aandike ‘nshafika’ katika barua rasmi. Sajili zina mipaka yake, na umbo kamili litabaki kuwa la insha. Ninachodai ni kwamba maumbo haya mafupi yafundishwe ili yatambuliwe yanaposikika. Mwalimu wa Lodwar anaweza kurekodi taarifa ya michezo redioni au maongezi ya sokoni, kisha darasa likayarejesha maneno katika urefu wake. Yule Mkongo mdogo wa Kakuma naye aulizwe kwao husemwaje. ‘Njo’ yake iandikwe ubaoni kando ya ‘ndiyo’, wenzake watafute ni sauti zipi zilizoungana.