Mtoto Asiyevuka Mpaka: Tafakari juu ya Ibara ya 23

Mkataba wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto ulipitishwa mwaka 1990, ukaanza kutumika mwaka 1999. Ibara yake ya 23 yahusu mtoto mkimbizi. Aya ya nne ya ibara hiyo yafanya jambo ambalo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 haukulifanya: yamtaja waziwazi mtoto aliyehamishwa ndani ya nchi yake, iwe kwa maafa ya asili, vita au machafuko, na kumpa ulinzi ule ule wa mkimbizi.

Hiyo ndiyo sifa ya aya hii, na hapo hapo pana udhaifu wake. Avukaye mpaka huomba hifadhi kwa serikali nyingine. Mkimbizi wa ndani hana budi kuiomba kwa serikali ile ile iliyoshindwa kumlinda, na pengine ndiyo iliyomfukuza. Aya yaipita tofauti hiyo bila kuigusa.

Mathayo 2 haiipiti. Mtoto Yesu alipelekwa Misri. Kwa lugha ya sheria ya leo alikuwa mkimbizi. Watoto wa Bethlehemu hawakuhamishwa, lakini walibaki chini ya mfalme aliyepaswa kuwalinda, naye ndiye aliyewaua. Twahubiri mara nyingi juu ya safari ya Misri, na mara chache juu ya waliobaki.

Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009, ulioanza kutumika mwaka 2012, waziba sehemu ya pengo. Ibara ya 13 yadai waliohamishwa waandikishwe, na mtoto aliyetengana na wazazi apewe hati kwa jina lake mwenyewe. Si jambo dogo: asiye na hati atathibitishaje umri wake, au kwamba shamba lililoachwa lilikuwa la baba yake?

Hata hivyo sheria huchelewa. Nchini Kenya, mamia ya maelfu ya watu walihama makwao baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Sheria ya kuwalinda wakimbizi wa ndani ilitungwa mwaka 2012. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza kambini mwaka 2008 alikuwa sasa darasa la tano.

Kwa hiyo Kanisa lisiridhike na kugawa blanketi na unga. Daftari la ubatizo laweza kuwa ushahidi wa jina na wazazi, tulitunze. Tena Ibara ya 44 ya Mkataba wa mwaka 1990 yaruhusu malalamiko kupelekwa mbele ya Kamati ya Wataalamu. Mlango upo. Mtoto hawezi kuubisha peke yake.